Sarafu zenye kosa na sarafu za kale: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mtwara

Nina duka la rejareja Mtwara mjini. Kila jioni nikihesabu mauzo hutenga sarafu ambazo jicho limezikataa: iliyopinda maandishi, iliyopungua ukingo, iliyobadilika rangi. Majirani wamezoea, na sasa watu wanatoka hadi Mikindani, Lindi na Nachingwea kuniletea walichookota au walichoachiwa na bibi. Maswali yao hayatofautiani sana. Nimeyaandika hapa na majibu yake, kwa sababu nimechoka kuona watu wa kusini wakitapeliwa kwa kitu ambacho dakika tano za kuangalia vizuri zingetosha kukijua.

Sarafu yenye kosa ni ipi hasa?

Ni ile iliyokosewa kiwandani kabla ya kutoka. Sarafu hutengenezwa hivi: kisahani kitupu cha madini huwekwa katikati ya chapa mbili, moja chini na nyingine juu, kikazungukwa na pete inayokizuia kisitanuke. Chapa ya juu ikishuka kwa nguvu, picha na maandishi ya pande zote mbili hutokea kwa pigo moja. Kwa hiyo kosa linaweza kuwa kwenye kisahani, kwenye chapa, au kwenye lile pigo lenyewe. Hakuna mlango wa nne. Kilichoipata sarafu baada ya hapo, iwe moto, nyundo, maji ya betri au tairi la bodaboda, hicho ni kuharibika, na sarafu iliyoharibika haiongezi thamani, inapunguza.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "hii bei gani?" mimi namuuliza kwanza: chuma hiki kiliumia lini?

Nitajuaje kama kiliumia kiwandani au mtaani?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua sarafu nyingine ya aina hiyohiyo, nzima, uiweke pembeni. Usiangalie sarafu moja peke yake, utajidanganya. Kisha fuata madini. Kiwandani madini husukumwa na chapa, hivyo alama ya kiwandani mara nyingi imeinuka, au ina ulaini uleule wa sarafu nzima. Mtaani madini hukwaruzwa, hukatwa au hubonyezwa, hivyo alama huwa imezama, ina makali, na ukigeuza upande wa pili unakuta uvimbe mahali palepale.

Mfano wa sarafu iliyopungua ukingo kama mwezi mchanga. Visahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu, na bamba likisogea vibaya, kikatio hupita juu ya tundu lililokwisha kukatwa. Kisahani hicho hutoka na pengo la mviringo. Tazama ukingo ulio mkabala kabisa na pengo: kwenye kosa la kweli ukingo huo nao mara nyingi huwa dhaifu, umefifia, kwa sababu wakati wa kukunja ukingo upande ule haukupata kitu cha kuusukuma. Na herufi zinazokaribia pengo huonekana zimevutwa kidogo kulielekea. Mtu aliyekata kwa msumeno hawezi kuyaiga hayo mawili. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea shilingi 200 yenye pengo zuri la kupendeza, lakini ukingo wa upande wa pili ulikuwa imara kabisa, na ndani ya pengo michirizi ya tupa ilionekana kwa macho. Hakuikata yeye, maskini. Aliinunua hivyo.

Tena kuna mafundi. Fundi wa pikipiki akikosa wosha hutoboa sarafu. Watoto huzipiga kwa mawe. Sarafu za chuma kilichopakwa madini mengine, zikikaa karibu na bahari kwa muda mrefu, huvimba kwa kutu na ngozi ya juu hubanduka. Shangani yote, pwani ya hapa Mtwara, imejaa sarafu za namna hiyo na hakuna hata moja iliyokosewa kiwandani.

Kwenye chenji ya leo nitafute nini?

Tunazopokea ni nne: shilingi 50 yenye kifaru na mtoto wake, 100 yenye swala pala, 200 yenye simba, na jero yenye nyati, iliyoanza mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti ya 500.

Kosa linaloonekana haraka ni picha iliyohama: kisahani hakikukaa katikati, pigo likaangukia pembeni, upande mmoja ukabaki mtupu. Ikihama kidogo tu, ukingo mmoja mnene na mwingine mwembamba, hiyo ni kawaida, usijisumbue. Ikihama kiasi kwamba sehemu ya maandishi haipo, itenge. Ikihama sana huku mwaka bado unasomeka, hapo umepata kitu, kwa sababu wakusanyaji wanautaka mwaka.

Ya pili ni ufa wa chapa. Chapa hupiga maelfu kwa maelfu ya sarafu, huchoka, hupasuka. Madini huingia ndani ya ufa, na kwenye sarafu utaona mshipa mwembamba ulioinuka, mara nyingi kutoka ukingoni kuelekea kwenye picha. Pitisha ukucha: kama umeinuka ni ufa wa chapa, kama umezama ni mkwaruzo. Kipande cha chapa kikimeguka kabisa ukingoni, sarafu hutoka na uvimbe laini usio na picha. Uvimbe huo una thamani kuliko mshipa.

Ya tatu haionekani mpaka uigeuze. Ishike sarafu nzima, kichwa cha rais kikiwa wima, igeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, uone mnyama amesimamaje. Fanya hivyohivyo kwa sarafu unayoishuku. Mnyama akiwa amelala au amepinduka wakati mwenzake amesimama, chapa moja ilizunguka mahali pake. Hii hupita mikononi mwa watu mia bila kujulikana, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kioo wala mizani.

Halafu kuna ya kisahani kigeni: picha ya sarafu moja kwenye madini au ukubwa wa nyingine. Sumaku husaidia. Jero ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo sumaku huivuta. Ukipata jero inayoikataa sumaku, ama ni bandia ama ni kitu cha kukipeleka kwenye mizani ya sonara.

Sarafu yangu ina herufi mbilimbili, moja juu ya nyingine. Je, nimetajirika?

Pole, mara nyingi hapana. Chapa ikiwa imelegea hutetemeka baada ya pigo na kuisukuma herufi pembeni, ikaacha kivuli bapa kama ngazi ndogo, na herufi yenyewe ikawa nyembamba. Hilo ni tetemeko la mashine, lipo kila mahali, halina soko.

Linalotafutwa ni lile ambalo chapa yenyewe ilichorwa mara mbili wakati wa kutengenezwa. Hapo kila herufi ina kimo chake, ni nene, na pembe zake zimepasuka vipande viwili. Mfano unaojulikana duniani ni senti moja ya Marekani ya 1955, ambayo mwaka na maandishi yake yanaonekana mara mbili bila kioo. Na kwa kuwa kosa limo kwenye chapa, kila sarafu iliyopigwa na chapa ile inalo lilelile, mahali palepale. Ukipata mbili zinazofanana kabisa, una ushahidi ambao mtu mmoja na sarafu moja hana.

Nimesikia kuna sarafu zinazoitwa baghala. Ni nini?

Baghala ni mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, na Waingereza wameipa jina hilo sarafu ambayo chapa zake mbili hazikukusudiwa kukutana. Mwaka 2008 Uingereza ilibadili sura ya peni 20 na kuuhamisha mwaka kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa kichwa cha malkia. Mtu akachukua chapa ya zamani ya kichwa akaiunganisha na chapa mpya ya nyuma. Matokeo yake: sarafu isiyo na mwaka popote.

Sisi pia tumo kwenye hadithi hizi. Mwaka 1936, sarafu za tundu za Afrika Mashariki na zile za Afrika Magharibi zilikuwa zikipigwa katika kiwanda kimoja cha Heaton, Birmingham. Chapa ya mbele ya senti 10 ya kwetu ikaenda kuoana na chapa ya nyuma ya peni moja ya Afrika Magharibi. Ikitokea ukafungua kopo la babu ukakuta sarafu ya tundu yenye maandishi TEN CENTS upande mmoja na jina la Afrika Magharibi upande wa pili, na herufi ndogo H ya Heaton, usimwonyeshe kila mtu.

Nina sarafu ya tundu yenye jina Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti. Watu wanasema haikupaswa kuwepo.

Ilipaswa. Edward VIII alitawala mwaka 1936 bila kumaliza mwaka, akajiuzulu Desemba. Kwa kuwa sarafu zetu za senti 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji picha yake, jina tu, basi zikapigwa mapema na kwa wingi. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni, ndiyo maana wageni wanashangaa wakiziona kwetu. Ni sarafu yenye hadithi nzuri na bei ya kawaida. Itunze. Ila ikiwa haina tundu kabisa, au tundu limehamia pembeni likakata maandishi, hapo ni kosa la kweli.

Nina kopo zima la sungura na mbuni. Nimeambiwa ni mamilioni.

Samaki wa senti 5, mbuni wa senti 20, sungura wa senti 50 na shilingi yenye mkono na mwenge ni kizazi cha kwanza cha sarafu za Benki Kuu ya Tanzania, kuanzia 1966. Zilipigwa kwa wingi mno, miaka mingi. Kopo lako lina thamani ya kumbukumbu. Lakini zipitie moja moja kwa namna niliyoeleza, kwa sababu kosa likiwemo kwenye sungura lina wanaolitaka kama lilivyo kwenye jero.

Na hela ya Mjerumani?

Ahsante kwa kuiita hela, maana neno lenyewe limetoka huko. Tangu 1904 rupia ya Wajerumani iligawanywa katika heller 100, na sisi tukaitamka hela mpaka leo. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64, na pesa za shaba za 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, bado zinaibuka Mikindani na Lindi watu wanapobomoa kuta za zamani. Kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ilizidi kuwalazimisha watu kutafuta sarafu, na sarafu iliyotafutwa kwa jasho hufichwa.

Tazama herufi ndogo chini ya mwaka au karibu nayo: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Hiyo T ndiyo ya kusimama nayo. Mwaka 1916, vita ikiwa imeifunga bahari, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli: hela 20 za shaba na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima. Za dhahabu zilikuwa takriban 16,000 tu. Za hela 20 zilipigwa kwa vifaa vya shida, kwa hiyo karibu zote zimepinda, zimefifia, zimepasuka. Watu huniletea wakidhani kila mpindo ni kosa la thamani. Kwa sarafu ya Tabora mpindo ndio kawaida. Wakusanyaji wanaangalia ukubwa wa taji na umbo la herufi L, na wanalipa zaidi kwa iliyopigwa vizuri.

Kuhusu ya dhahabu: mpaka leo kila niliyoletewa ilikuwa ya kuiga. Nenda kwa sonara, ipime, kabla hujamwambia mtu yeyote.

Rupia inayovuta mchele ipo?

Haipo. Hakuna sarafu ya Kijerumani inayovuta mchele, inayozima tochi, wala inayotembea kwenye maji. Rupia ni fedha na shaba kidogo, gramu 11 na nusu hivi, basi.

Naandika hili kwa uchungu. Mzee mmoja ninayemheshimu, nampa shikamoo kila asubuhi, aliuza korosho za msimu mzima kulipia "vipimo" vya rupia ya namna hiyo. Walimletea mtu aliyevaa koti jeupe. Mchele ulisogea kwa sababu sarafu ilikuwa imepakwa gundi yenye sumaku na mchele ulichanganywa na unga wa chuma. Hakupata hata nauli ya kurudi kijijini. Kanuni yao ni moja: sarafu ni yako, lakini wewe ndiye unayelipa kwanza. Mnunuzi wa kweli hakuombi pesa ya kupima, ya kusafisha, wala ya "kumtuma bosi kutoka nje". Na anayekuambia ukachimbe kaburi la Mjerumani usiku anakupeleka gerezani.

Sarafu za kweli za Mjerumani zenye bei nzuri zipo, rupia 2 za 1893 na 1894 kwa mfano. Hizo haziendi kwa mganga.

Nimeokota visarafu vya shaba Kilwa, vina maandishi ya Kiarabu. Niuze?

Usiuze. Nakuomba.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, hazina mwaka, na maneno ya mbele na nyuma yana vina kama shairi. Jina la sultani linaangukia kwenye sauti ileile ya sifa ya Mungu iliyoko upande wa pili. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwepo msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kijisarafu kama hicho kikiokotwa mahali panapojulikana, kinaweza kueleza biashara ilifika wapi. Kikishauzwa gizani kinabaki kipande cha shaba.

Pia ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na sarafu za Kilwa zimo humo. Usichimbe, usisafirishe nje. Andika uliokota wapi, piga picha mahali hapo, peleka kwa wahifadhi wa magofu ya Kilwa.

Nisafishe kwanza ili ionekane vizuri?

Hapana. Si limau, si majivu, si mchanga wa pwani, si dawa ya kung'arishia masufuria. Mama mmoja wa Mikindani alinijia na hela 10 iliyokaa vizuri miaka mia, akaisugua kwa limau usiku wa kuamkia kuniletea, kwa heshima tu, ili asiniletee kitu kichafu. Niliishika sikujua nimwambie nini. Maji safi, kidole, kausha kwa kuigusagusa na kitambaa laini, imetosha. Halafu kila moja kwenye karatasi yake, mahali pakavu, mbali na hewa ya chumvi.

Nimepewa sarafu yenye rangi mbili, katikati tofauti na pembeni. Ni kosa?

Hapana, ni ya jirani. Metikali 10 za Msumbiji ziko hivyo, zinavuka Ruvuma na wafanyabiashara, na shilingi kadhaa za Kenya pia. Soma jina la nchi.

Nianze na nini?

Kioo cha kukuzia kama wanachotumia mafundi saa, kinachokuza mara kumi. Sumaku ya spika mbovu. Taa iliyo upande mmoja, si juu ya kichwa, ili kivuli kikuonyeshe kilichoinuka. Mizani ya sonara utaomba, huna haja ya kununua.

Sarafu zenyewe zipate kwa wenye nyingi. Konda anazo. Wahesabu sadaka wanazo zaidi: nenda Ijumaa au Jumapili ukiwa na noti, wabadilishie, watakushukuru kwa kuwapunguzia mzigo. Unapitia usiku, kesho unazirudisha kwenye biashara. Hupotezi hata shilingi, na katika mfuko mzima unaweza usipate chochote. Nimewahi kukaa miezi bila kupata kitu.

Bei nitaijuaje?

Usiangalie bei anayotaja muuzaji mtandaoni, yeyote anaweza kuandika milioni mia. Angalia zilizokwisha kuuzwa, hiyo ndiyo bei. Sarafu za Tanzania zenye kosa hazina wanunuzi wengi bado, kwa hiyo nyingi ni za maelfu ya shilingi, si mamilioni. Piga picha pande zote mbili na ukingo, andika uzito, uliza kwa zaidi ya mtu mmoja. Akikuharakisha, rudisha mfukoni.

Nikikuletea utaninunulia?

Sinunui, maana nikinunua sitaweza tena kukuambia ukweli. Lakini njoo jioni baada ya magharibi, duka likitulia, nitaiangalia bure. Njoo na mbili: hiyo unayoishuku, na nzima ya aina hiyohiyo. Ukija na moja nitakurudisha ukaitafute mwenzake kwanza.